Uzoefu wangu na L-prolini ya maabara: unga hauna neno, shida ni kifuniko

Katika maabara yetu hapa Mtwara tunatumia L-prolini kama kiwango cha kulinganishia tunapopima prolini kwenye majani ya miche ya mikorosho, kwa kuwa mche uliokosa maji hulimbikiza asidi amino hiyo, nasi tunataka kujua imefikia kiasi gani.

Unga wenyewe ni mweupe, safi, na huyeyuka mara tu unapogusa maji bila kuacha chembe. Tunafuata njia ya Bates na wenzake ya mwaka 1973: jani husagwa katika asidi ya salfosalisili ya asilimia 3, maji yaliyochujwa huchemshwa kwa saa moja katika nyuzi 100 pamoja na ninhidrini (kemikali inayotoa rangi ikikutana na prolini) na asidi asetiki, kisha rangi huvutwa kwa toluini, kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Tabaka la juu hutoka na wekundu mkolevu, na usomaji wa mwanga unaofyonzwa katika nanomita 520 hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri kiwango kinavyoongezwa. Kwa upande huo sina la kulalamika.

Lalamiko langu ni chupa. Imekuja na kifuniko cha kuzungusha tu, bila kizibo cha ndani, ilhali prolini ni miongoni mwa asidi amino zinazovuta sana unyevu wa hewani. Mvua zikishaanza huku Pwani ya Kusini, unga ulioachwa kwenye karatasi ya kupimia huanza kugandamana, na tarakimu ya mwisho ya mizani hupanda taratibu huku unaitazama. Si jambo dogo. Unga uliobeba maji ya asilimia 5 hufanya kiwango kiwe hafifu kuliko kilivyoandikwa, na majani yote yatakayolinganishwa nacho yataonekana kuwa na prolini nyingi kuliko iliyomo. Sasa tumeugawa katika vichupa vidogo vinavyokaa ndani ya desiketa (chombo cha kutunzia vitu vikavu) yenye silika jeli inayofyonza unyevu, na kila kimoja hufunguliwa kwa zamu yake.

Wakala aliyetuuzia alisifu sana kwamba ni umbo la L tupu, yaani lile linalotumiwa na seli hai, bila D ambalo ni kama taswira yake kwenye kioo, lakini cheti cha uchambuzi tulikipata baada ya kumkumbusha mara kadhaa. Kwa kazi hii sifa hiyo haina uzito, kwani ninhidrini hutoa rangi ileile kwa L na kwa D. Anayelisha seli hai ndiye anayepaswa kuilipia. Mimi hutazama kwanza mstari wa cheti unaoeleza uzito unaopotea unga ukikaushwa.

Moli moja ya prolini ina gramu 115.13, hivyo miligramu 11.5 katika mililita 100 hutoa milimoli 1 kwa lita, na kiasi hicho hutosha kundi zima la sampuli. Chupa ya gramu 10 itakaa miaka. Ile ya gramu 100, ambayo wakala huisukuma kwa hoja ya unafuu wa bei kwa gramu, huku kwetu italowa kabla haijafika nusu.