Pentax K1000 mikononi mwa mpiga picha za harusi

Pentax K1000 ni kamera ya filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na zaidi ya milioni tatu ziliuzwa duniani. Haifokasi yenyewe, haina skrini, haina hata kile kisaa cha kujipiga mwenyewe. Mtu anayepiga harusi Kampala, Mbarara au Mbale, mwenye kamera mbili za dijitali begani na Jumamosi zilizojaa, anaweza kuuliza inamfaa nini. Inamfaa kama mazoezi. Kamera hii humlazimisha mpigaji kuamua mwanga, umbali na wakati kabla ya kubonyeza, na hayo matatu ndiyo yanayoharibika kwanza siku ambayo ratiba ya sherehe imechelewa saa mbili. Kama burudani ya siku zisizo na kazi, ni vigumu kupata nyingine inayorudisha faida kazini haraka hivi. Kama kamera ya kumpigia mteja picha kuu za harusi, tunasema hapana bila kusita.

Tuanze na mwili wenyewe. Una uzito wa gramu 620 hivi bila lenzi, na ndani yake ni springi na gia. Betri moja ya LR44, ile ya vikokotoo na saa inayopatikana kwa fundi saa yeyote mjini, hulisha kipima mwanga tu. Betri ikifa, shata inaendelea kufanya kazi katika kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Hapa ndipo inapoishinda Canon AE-1, ambayo bila betri haipigi kabisa, na Olympus OM-1, ambayo kipima mwanga chake kilibuniwa kwa betri ya zebaki isiyouzwa tena. Kuna jambo moja wengi hawalijui: K1000 haina swichi ya kuzimia. Kipima mwanga hulala kikiwa gizani, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndiyo swichi. Ukiiacha juu ya meza bila kifuniko, betri inaliwa mchana kutwa.

Ukitazama kwenye kidirisha cha kamera utaona sindano moja upande wa kulia, na hakuna kingine. Ikipanda juu, mwanga umezidi, ikishuka, umepungua, ikikaa katikati, kamera imeridhika. Kasi ya shata na ukubwa wa tundu la lenzi havionyeshwi humo, unavikumbuka kichwani au unaishusha kamera uangalie. Mwanzoni hilo ni kero. Baada ya rola nne au tano mpigaji anakuwa anajua amesimama kwenye f ngapi, yaani namba ya tundu, bila kutazama, kwa kuhesabu mibonyeo ya pete kwa kidole.

Sindano hiyo ina udhaifu ambao kwenye sherehe zetu ni mkubwa. Inapima wastani wa fremu nzima na kutaka wastani huo uwe kijivu cha kati. Elekeza kamera kwa bwana harusi mwenye kanzu nyeupe aliyesimama ukingoni mwa hema, nyuma yake uwanja unawaka jua, na sindano itakuambia upunguze mwanga. Ukitii, kanzu itatoka kijivu na uso wake utazama gizani. Filamu ya negativu, ambayo mwanga na giza hugeuka ndani yake, husamehe mwanga uliozidi hatua moja au mbili, kila hatua ikiwa ni mwanga mara dufu. Mwanga uliopungua haisamehi, kwa sababu kivuli ambacho hakikugusa filamu hakirudi kwa dawa yoyote. Dawa ya tatizo hili ni kupima mahali pengine. Elekeza lenzi kwenye majani ya kijani yaliyo katika mwanga uleule unaompiga mhusika, rekebisha mpaka sindano iwe katikati, kisha rudi kwake na upige bila kujali inasema nini sasa. Mahali pasipo majani, sogea karibu upime uso peke yake. Ngozi nyeusi sana itaifanya kamera iongeze mwanga kiasi cha hatua moja, na kwa negativu hilo ni jema. Mwenye kuzoea hili akirudi kwenye dijitali anaacha kupoteza nyuso za watu akihangaikia gauni jeupe.

Kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), anza na namba hizi. Jua kali: f/16 na 1/500. Kivuli cha wazi, kama chini ya mwembe: f/8 na 1/250. Hema jeupe saa sita mchana: f/8 na 1/125. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo: f/2 na 1/60, pumzi ukiwa umeishikilia na kiwiko umekibana ubavuni. Ziandike kwenye kikaratasi uzibandike nyuma ya kamera, halafu jifunze kukisia kabla ya kutazama sindano. Hema la njano au la bluu, ambalo kwenye dijitali hupaka nyuso za ukoo mzima rangi ya ugonjwa, halisumbui filamu nyeusi na nyeupe. Macho yako yanabaki na sura ya mwanga peke yake: unatoka wapi, unaishia wapi, unaangukia mkono wa nani.

Lenzi ya kawaida inayokuja nayo ni ya milimita 50, f/2. Chukua mfano wa kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Waganda, pale ssenga, shangazi wa bibi harusi, anapopita katikati ya wageni kumtafuta bwana harusi ili ambandike ua kifuani. Tendo lenyewe ni la sekunde tatu. Anayefokasi wakati ua liko hewani amechelewa. Weka lenzi hiyo kwenye f/8, fokasi kwenye mita 3, na kila kilicho kati ya mita 2.3 na 4.2 kitatoka safi bila kugusa pete. Kazi inayobaki ni miguu: jiweke umbali huo kutoka kwa kijana, upande ambao mgongo wa ssenga hautamfunika, usubiri. Stadi hii ya kusimama mahali sahihi mapema ndiyo hasa tunayoisifu katika kamera hii. Wanaoiendeleza huizoeza mbali na harusi, katika soko la Nakasero asubuhi au kwenye maonyesho ya ngoma ya Ndere Centre huko Ntinda, ambako mchezaji hurudia mwendo uleule na unaweza kujifunza kilele chake kiko wapi. Sokoni omba ruhusa kwanza. Maeneo ya jeshi na polisi usielekeze kamera kabisa.

Sehemu ambayo K1000 inashindwa waziwazi ni flashi. Shata yake hupatana na flashi kwenye 1/60 au chini ya hapo. Kwa ISO 400 juani, 1/60 inadai tundu la f/45 hivi, na lenzi inaishia f/22. Maana yake, kujaza vivuli vya macho kwa flashi saa saba mchana, jua likiwa utosini kama lilivyo huku kwenye ikweta, haiwezekani. Weka filamu ya ISO 100 au mwingize mhusika kivulini. Nikon FM ya 1977 hupatana kwenye 1/125, na hilo ni nafuu ya kweli. Ukiipata kwa bei iliyo karibu na ya K1000, ichukue.

Kununua kunahitaji dakika kumi za uangalifu, maana zote ni za mkononi na nyingi zimepita katika unyevu. Fungua mgongo kwa kuvuta juu kitufe cha kurudishia filamu. Gusa sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango na ile ya juu ya kioo: ikinata kama lami au ikimomonyoka, mwanga utavuja na kioo kitachafuka. Kubadilisha sponji ni kazi nyepesi, iliyopo iondolewe kwa kijiti na spiriti, mpya ikatwe na kubandikwa. Kwa hiyo omba punguzo, usiache kamera. Elekeza kamera iliyofunguliwa kwenye anga jeupe, lenzi ikiwa imetolewa, upige 1/1000 mara kumi ukitazama kwa nyuma. Fremu yote ing'ae. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata hayaendi pamoja, na hiyo ni kazi ya fundi. Piga sekunde 1 usikilize: mlio uende bila kukwama. Kagua chumba cha betri. Kutu ya kijani hutoka kwa siki kisha spiriti, lakini waya ulioliwa na kutu haurudi.

Halafu lenzi. Ishike wazi kwenye f/2, washa tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mshazari. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, adui mkubwa wa vioo katika miji iliyo kando ya ziwa kama Entebbe na Jinja. Kidogo pembeni hakiharibu picha, ila kinaweza kuenea hadi kwenye lenzi zako nyingine nzuri. Lenzi zenye utando mwingi tunashauri ziachwe dukani. Zilizo safi zikae kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika vya kukausha hewa. Mfuko wa ngozi hunyonya unyevu na kuutunza.

Kufunga filamu ndiko kunakowapoteza wanaoanza. Ingiza ncha kwenye mhimili wa kulia, sogeza mpaka meno ya juu na ya chini yashike matundu ya filamu, ndipo ufunge. Kaza ule ulegevu kwa kitufe cha kurudishia, kisha kila unaposogeza, kitazame kitufe hicho: kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka utapiga 36 hewani, na kihesabio kitakuhesabia zote kwa uaminifu. Pete ya ASA, jina la zamani la ISO, usiisahau. Kamera haisomi aina ya filamu.

Rola zenyewe wengi huagiza kutoka nje au kumtuma msafiri. Anayepita uwanja wa ndege azibebe mkononi na aombe zikaguliwe kwa mkono, kwani mashine za mizigo mikubwa zina nguvu ya kuchoma filamu. Nyumbani zikae kwenye friji, zitolewe saa moja kabla ya kufunguliwa zisitoe jasho. Kwenye gari lililoegeshwa juani zisikae hata kidogo.

Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani ni nusu ya raha ya burudani hii, na kunapunguza gharama. Kwa Ilford HP5 Plus na dawa ya ID-11, changanya mililita 150 za dawa na 150 za maji kwa tangi la rola moja. Muda wa nyuzi 20 ni dakika 13, lakini maji ya bomba Kampala ni nadra kuwa baridi hivyo. Badala ya kuhangaika na barafu, pima maji yalivyo: yakiwa nyuzi 24, tumia dakika 9 hivi. La muhimu ni dawa zote na maji ya kusuuzia yawe na joto moja, tofauti isizidi nyuzi mbili. Pindua tangi mara nne mwanzoni, na mara nne kila dakika inapoanza. Mwaga, suuza kwa sekunde kumi, weka fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu, ya mililita 60 katika maji 240 kwa dakika tano. Suuza kwa kupindua mara 5, badili maji, mara 10, badili, mara 20. Maji ya mwisho yawe ya kunywa yaliyochujwa, na tone la dawa ya filamu ya kulowanisha inayozuia madoa ya maji, la sivyo chokaa itaacha alama za duara usoni mwa mtu. Anika bafuni baada ya kuoga watu, mvuke ukiwa umeshusha vumbi.

Kosa la kawaida ni filamu kunata wakati wa kuizungusha kwenye gurudumu la tangi, kabla ya dawa, ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga. Mikono ikitoka jasho, simama, itoe, ikauke. Filamu ibaki ndani ya mfuko. Gurudumu nalo liwe kavu kabisa.

Kwa anayetafuta chanzo cha mawazo ya kulisha macho kati ya rola na rola, mkusanyo wa History In Progress Uganda, ulioanza 2011, una picha za zamani za studio na za familia kutoka nchini. Tazama mikono ya waliokaa, na jinsi wazee wanavyopewa kiti katikati. Mwigaji mzuri ataigiza mpangilio huo kwa K1000 kwa ndugu zake kwanza, picha moja kwa kila kundi, bila ya akiba.

Rola ya kwanza usiende nayo kwenye sherehe. Ipige nyumbani na daftari: namba ya picha, mwanga, f, kasi, mahali ulipopima. Mtu yuleyule, kanzu ileile, kivulini, juani, mlangoni. Ukishaisafisha, weka negativu juu ya skrini nyeupe ya simu utazame sehemu za vivuli, chini ya kidevu na kwenye matundu ya macho. Zikiwa angavu tupu bila alama yoyote, geuza pete ya ASA kutoka 400 hadi 200 urudie.