SSD ya Terabaiti Moja Yenye Gigabaiti 119: Uzoefu Wangu na Huduma ya Kuboresha Kompyuta ya Nyumbani

Tathmini hii inahusu huduma ya kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kubadilisha diski niliyoilipia katika duka moja la kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, ambalo silitaji jina kwa kuwa madai yangu dhidi yake hayajaisha. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu. Watoto huitumia kwa masomo, nami hutunzia humo hesabu za VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, pamoja na picha na video za familia. Ilikuwa ikichelewa mno kuwaka, na fundi alipendekeza kwamba diski ya zamani inayozunguka iondolewe na mahali pake iwekwe SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ushauri huo ulikuwa sahihi, na hadi leo sina ugomvi nao.

Kuhusu RAM sina mengi ya kusema: ni DDR3 ya aina inayokubaliwa na mashine hii, inasomeka yote na haijawahi kusumbua.

SSD ndiyo yenye kisa. Ilikuwa na jina la kampuni ambalo sikuwahi kuliona popote, na bei yake ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na maduka ya jirani. Nilipouliza sababu, muuzaji alinijibu, "Dada, huu mzigo tunautoa wenyewe Dubai, ndiyo maana." Jibu hilo halikunishangaza, kwani Kariakoo kitu kilekile hupatikana kwa bei tatu tofauti ndani ya jengo moja. Fundi alihamishia Windows na mafaili yangu katika SSD mpya, akafunga nyaya kwa unadhifu, kisha akaomba abaki na diski ya zamani ili anipunguzie bei. Nilikataa, na ni diski hiyo iliyokuja kutunusuru.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri, na kompyuta iliyokuwa ikiniacha nichemshe chai nzima kabla haijawaka sasa ilikuwa tayari mara tu nikikaa kitini. Matatizo yalianza nilipoanza kuhamishia humo video kutoka kwenye simu na flashi. Majina ya mafaili yalionekana yote, na ukubwa wa kila faili ulikuwa sahihi, lakini picha nyingi mpya zilifunguka nusu, nusu nyingine ikiwa ya kijivu, na video hazikucheza kabisa. Zile za zamani, zilizohamishwa na fundi, hazikuwa na kasoro. Baadaye Windows ilipakua masasisho yake, na ilipozimwa haikuwaka tena.

Nilirudisha diski ya zamani, kompyuta ikawaka, nami nikaiunganisha SSD kwa adapta ya USB, nikaifomati na kuipima kwa H2testw, programu ya bure iliyotolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Programu hii huijaza diski mafaili yake hadi pomoni, kisha huyasoma yote upya na kulinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa. Majibu yalikuwa kwamba gigabaiti 119 hivi ni nzima na kilichobaki chote kimepotea. Kiasi hicho ndicho Windows huonyesha kwa diski ya gigabaiti 128, kwa hiyo niliuziwa diski ndogo ambayo programu ya kidhibiti chake (chipu inayoiendesha) imebadilishwa ili ijitambulishe kuwa ya terabaiti moja. Ikishajaa, huendelea kupokea data na kujibu kwamba imeandika, ilhali haina mahali pa kuiweka.

Wapo wanaoshauri diski bandia itambuliwe kwa wepesi wake au kwa kasi inayoshuka ghafla wakati wa kunakili. Ushauri huo siuamini sana, kwa sababu SSD nyingi halali za SATA (aina ya kawaida inayounganishwa kwa waya) ni nyepesi vilevile, na zile za bei nafuu hupunguza kasi pale sehemu yao ndogo ya kupokelea data kwa haraka inapojaa. Hata namba ya ukubwa haithibitishi kitu. Terabaiti moja halali husomeka katika Windows kama gigabaiti 931, na yangu ilisoma hivyohivyo, kwa kuwa Windows huonyesha tu kile ambacho diski imejieleza.

Hapo ndipo mazungumzo yetu dukani yalipokwama. Muuzaji aliichomeka SSD, akanionyesha 931 na kuniuliza, "Sasa dada, mbona inasoma yote?" Nilimwomba aijaze mbele yangu, akasema kazi ni nyingi na zoezi hilo litachukua saa kadhaa. Nilimwonyesha picha ya majibu ya kipimo, akasema programu hizo za kupakua mtandaoni haziaminiki. Hatimaye alikubali kunibadilishia, lakini kwa boksi jingine la jina lilelile kutoka rafu ileile, nami nikakataa. Ninayo risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyoandikwa "SSD 1TB", na nilimweleza kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Baada ya hapo sauti ilibadilika na nikarudishiwa bei ya SSD, ila si gharama ya ufundi.

Kwa huduma ya fundi ningetoa nyota nne, na kwa bidhaa sitoi hata moja. SSD niliyonunua baadaye kwingine ni ya gigabaiti 480 tu. Niliipima kwa H2testw kabla ya kuweka faili lolote, ikapita bila kosa. Gharama ya ufundi ningali ninaidai.