Plasta ya mdomo nimeiacha, chupa ya kuoshea pua nimebaki nayo

Nilinunua vitu viwili, na nikaanza na kisichonifaa. Cha kwanza ni plasta za kufunga mdomo usiku, vipande 30 kwa shilingi 25,000, baada ya kuona video za watu wanaoapa kwamba ukilala umeziba mdomo unaamka mtu mpya. Cha pili ni chupa laini ya plastiki ya kuoshea pua, shilingi 32,000 pamoja na vipakiti vyake vya chumvi. Ningeanza na hiki cha pili ningeokoa fedha, na sharubu pia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa 17 huu navuta vumbi la chaki. Nilikuwa naamka ulimi umekauka, koo linawasha, mdomo una harufu isiyoondoka kwa mswaki. Mate ndiyo yanayosafisha kinywa usiku kucha, na mtu anayehemea mdomoni huyakausha, kwa hiyo hata meno huharibika upesi. Kuhusu kukoroma, mke wangu hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akiuliza tu asubuhi, "Baba Salma, jana umesaga magunia mangapi?"

Usiku wa kwanza wa plasta sikumaliza hata nusu saa. Nilizinduka natafuta hewa, nikaing'oa kwa pupa na nywele zikatoka nayo. Usiku wa pili hivyo hivyo. Pua yenyewe ilikuwa imeziba, sasa nilipofunga mdomo nilitegemea kupumulia wapi?

Nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kabla hajanitazama puani aliniuliza kama kuna anayenisikia pumzi zikikatika usingizini kisha nikashtuka, na kama mchana nasinzia ovyo. Swali la kwanza hakutaka nilijibu mimi, maana aliyelala hajui. Ilibidi tumpigie mke wangu. Alisema hapana, ni kusaga tu. Daktari akacheka, lakini akanieleza kwamba jibu lingekuwa ndiyo, ningepaswa kupimwa usingizi kwanza na plasta nisiiguse kabisa. Sentensi hiyo sikuiona popote kwenye pakiti.

Ndani ya pua alikuta nyama zimevimba kwa mzio wa vumbi. Nililaumiwa pia kwa matone ya kuzibua pua niliyokuwa nikijitilia kwa wiki tatu. Matone yale ni ya siku chache tu, ukiyazoea pua huvimba upya na kuziba kuliko mwanzo. Akaniandikia dawa ya kupuliza na kunishauri nioshe pua kwa maji ya chumvi kila jioni.

Nilimwambia mimi ni Mwislamu, kila nikitawadha napandisha maji puani, kwa hiyo pua yangu inaoshwa vya kutosha. Akasema maji ya udhu yanasafisha mlangoni, na ni vizuri, ila vumbi langu limekaa sebuleni.

Chupa inatumika hivi: unainama juu ya sinki, unaacha mdomo wazi ukitamka "aaa", unaweka ncha kwenye tundu moja na kubonyeza taratibu. Maji yanatokea tundu la pili. Mara ya kwanza nilihisi kama napaliwa baharini, siku ya tatu nilikuwa nimezoea. Usipenge kwa nguvu baada ya hapo, utaumiza masikio. Na maji yawe yamechemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, kamwe yasitoke bombani moja kwa moja, kwa sababu kuna amiba anayeweza kupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini akifika huko ni vigumu kupona. Mimi nachemsha asubuhi na kuhifadhi kwenye jagi lenye mfuniko.

Chumvi isisahaulike. Kipimo ni kama gramu 9 kwa lita, sawa na chumvi ya mwilini. Siku moja nilisahau kipakiti, nikamimina maji matupu. Machozi yalinitoka hadi Salma akadhani kuna msiba.

Wiki ya pili nilitaka kuirudisha dukani, kwa kuwa kila nikimaliza kuosha tundu moja lilibaki zito. Kumbe ni kawaida, matundu hupokezana: moja hufunguka zaidi huku jingine likipumzika, na baada ya saa chache hubadilishana. Miaka 43 nina pua na sikujua.

Kufikia wiki ya sita nilikuwa naamka mdomo umefumba wenyewe, ulimi una mate. Sikuhitaji plasta. Hewa inayopita puani huchujwa, hupata joto na unyevu kabla ya kufika mapafuni, na hubeba gesi ya nitriki oksidi inayotengenezwa kwenye uwazi wa mifupa ya uso, ambayo husaidia mishipa ya mapafu kutanuka. Ya mdomoni huikosa gesi hiyo karibu yote. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mtu akiimba kwa kuguna, mdomo umefungwa, gesi hiyo puani huongezeka takriban mara 15. Tangu nisome hilo naguna kaswida njiani kwenda shule, na wanafunzi wameanza kuniigiza.

Sitadanganya kwamba nimekuwa mwanariadha. Nikikimbilia daladala bado mdomo unafunguka, na unapaswa kufunguka, maana pua ni nyembamba kwa kazi nzito. Kukoroma kumepungua, hakujaisha. Siwezi pia kutenganisha kazi ya chupa na ya dawa ya kupuliza, maana nilivianza pamoja.

Kwa chupa natoa nyota nne. Moja nimeiondoa kwa sababu maelezo yake ni ya Kichina na Kiingereza tu, na ule mrija wa ndani huota ukungu usipoutoa ukauanika. Plasta zilizobaki, vipande 28, Salma anabandikia majalada ya madaftari yake.