Uzito anao, urefu hana: uzoefu wangu wa kliniki ya mtoto, Mufindi

Binti yetu alikuwa na miezi 14 nilipompeleka kliniki mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana mama yake alibanwa na kuchuma chai. Kwenye benchi baba nilikuwa peke yangu. Kina mama wakanipa salamu ya "kamwene" huku wanacheka, mmoja akauliza kama mama mtoto ni mzima.

Zahanati ni ya serikali na sikutoa hata senti. Kilichoniudhi ni foleni. Nesi mmoja, sisi tumefika saa mbili, tumehudumiwa saa sita kasoro. Mtoto akavalishwa ile suruali ya mizani, akaning'inizwa, akalia, alama ikaangukia kwenye kijani cha kadi, yaani uzito mzuri. Nikaanza kumfunga nguo. Ndipo nikaona ubao umeegeshwa nyuma ya mlango, nikauliza ni wa nini.

Ni wa kupimia urefu. Nesi akaushusha, akamlaza mtoto, akanyoosha miguu, akasoma, akarudia kusoma. "Baba, huyu amedumaa."

Nilibisha. Magunia ya mahindi tunayo, maharage tunayo, kuku wanataga, parachichi zinaoza chini ya mti.

"Mayai mnakula au mnauza?"

Tunauza. Na maziwa pia. Mtoto anashinda na uji mweupe na bibi yake mpaka turudi jioni. Kumbe si sisi tu: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa, mkoa wetu, na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 30. Mkoa unaolisha wengine!

Ushauri wa nesi ulikuwa wa jikoni hasa. Unga wa lishe wa nafaka saba niuache. Nafaka moja inatosha, karanga zilizosagwa au maziwa yaingie wakati wa kupika. Yai libaki nyumbani. Chakula mara nne, kidogo kidogo. Tena tusisubiri chanjo ya surua ya miezi 18 ndipo turudi, kama wanavyofanya wengi wakishamaliza ile ya miezi tisa.

Kwa maelezo yale nawapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kipimo kilichotufumbua macho hakifanyiki mpaka mzazi aulize.

Mwezi uliofuata tulienda wote watatu. Ubao ulikuwa umerudi nyuma ya mlango. Safari hii niliutoa mwenyewe, na mama wawili wakapanga mstari nyuma yetu.