Aktea au astilbe kwa bustani ya kivuli?

Zote ni mimea ya maua, zote hustawi chini ya miti, na zote huchukia udongo mkavu. Zaidi ya hapo, hazifanani.

Astilbe haikuchoshi kwa kungoja. Ipande mwaka huu, na ujao utapata maua yake laini kama manyoya, meupe, ya waridi au mekundu. Nyingi hufika sentimita 30 hadi 120 tu, basi mahali pake ni mbele. Tatizo ni kiu: ikikosa maji siku chache, kingo za majani hugeuka kahawia na kujikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni. Tena kila miaka 3 au 4 uichimbue, uigawe.

Aktea inataka subira. Miaka ya mwanzo imekaa tu, hadi unadhani umeuziwa mche mbovu. Ikishashika mizizi, hupanda hata mita 2, maua yake yakisimama kama mishumaa myeupe juu ya majani. Aina yake moja, Actaea simplex, huchanua mwishoni kabisa mwa msimu, bustani ikiwa imeshachoka, na harufu yake tamu huifikia pua kabla hujaliona ua. Kuigawa? Iache ilivyo.

Mimi ningeweka aktea nyuma, penye unyevu. Astilbe nawaachia wenye haraka, mradi mpira wa maji uwe karibu.