Dodoso au pikipiki hadi bani?

Kampuni kubwa inayonunua tumbaku Urambo, mkoani Tabora, itajuaje kama mkulima wake anafyeka misitu ya miombo au anatumikisha watoto?

Njia ya kwanza ni dodoso. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anajaza fomu, inapelekwa makao makuu. Ni nafuu na linafikia wakulima wengi kwa mpigo. Tena tangu Januari 2023, sheria ya Ujerumani inazibana kampuni kubwa za huko zifuatilie wanaoziuzia, kwa hiyo karatasi lazima iwepo. Ila kila kisanduku kina tiki. Nani atajichongea?

Njia ya pili ni kupanda pikipiki hadi kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Hapo huulizi sana. Unatazama kuni zilizorundikwa mlangoni: magogo manene ya mtundu, mti wa miombo, hayakutoka shamba la mikaratusi. Unaangalia nani anafunga majani kwenye vijiti saa nne asubuhi, siku ya shule. Ni ghali, na wakati wa mvua njia ni tope tupu.

Mimi dodoso ningelitumia kuchagua pa kuanzia tu. Hela ya mafuta ningeitumia mabani yakiwa yanawaka, siyo Agosti, majivu yameshapoa.