Uzoefu wangu: shokapu za Kirikuu, nyuma nimefunga mwenyewe, mbele nimempa fundi

Nina Suzuki Carry, hii tunayoiita Kirikuu, nabebea mboga kutoka Mgeta kuja soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro mjini. Anayeijua barabara ya kupanda Mgeta hahitaji kuelezwa shokapu, yale mabomba yenye mafuta yanayozuia gari kunesanesa, zinavyoteseka kule. Huko Japani kikomo cha mzigo cha magari haya ni kilo 350, na matenga ya kabichi yakishapangwa sisi kikomo hicho tunakuwa tumeshakipita. Kwa hiyo mambo ya chini kwangu hayaishi.

Safari hii gari lilianza kudunda nyuma kila likitoka shimoni, na mbele kushoto kukawa na mlio wa kugonga. Gereji niliyoanzia, fundi alilizunguka gari, hakupiga hata jeki, akaniandikia orodha: shokapu nne, boli jointi mbili (viungo vya chini vinavyoshika tairi), tairodi endi mbili (ncha za vyuma vya usukani), na bushi zote za mbele (mipira ya kwenye maungio). Nikamshukuru, nikaondoka na karatasi yangu.

Watu wakiuliza kama inalipa kujitengenezea gari, hesabu wanaianzia kwenye ufundi. Lakini ufundi wa gereji zetu si ghali. Kinachoumiza ni spea, na hasa spea nzima inayong'olewa ikatupwa pamoja na mbovu kwa sababu hakuna aliyejisumbua kukagua. Ndiyo maana nasema kwa moyo mmoja: hata kama spana hutaishika maishani, kukagua kafanye mwenyewe.

Nilikandamiza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wangu wote, nikaachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Langu likaendelea kunesanesa. Chini, bomba la shokapu lilikuwa limelowa mafuta kuanzia kwenye sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, vumbi limegandia juu yake. Hapo hakuna ubishi.

Mbele nilipiga jeki, nikaweka stendi, tairi likawa hewani. Ukilishika juu na chini ukalitikisa, likacheza, tafuta boli jointi au beringi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, tazama tairodi endi na reki ya usukani. Langu halikucheza popote, upande huu wala ule. Nikamwomba kijana wangu alishushe gari na kulinesesha huku nimeweka kiganja juu ya maunti, ule mpira unaoshika kichwa cha shokapu. Kishindo nilikipata mkononi pale pale. Mpira wa kushoto umepasuka, na shokapu za mbele zote mbili zimeanza kutoa mafuta. Kwa hiyo shokapu nne ni kweli. Boli jointi, tairodi na bushi zilikuwa nzima, na bado natembelea nazo.

Sasa nani afungue? Mimi kigezo changu ni springi. Nyuma ya Kirikuu springi ni za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na shokapu imesimama pembeni peke yake: bolti juu, bolti chini, basi. Haibebi gari, kwa hiyo ukiifungua hakuna kinachoruka. Kazi hiyo mtu mwenye spana mbili nzuri, stendi na sakafu ya saruji anaimudu. Nilizuia tairi za mbele kwa mawe, nikalikalisha gari kwenye stendi, jeki nikaitumia kuinua eksel, chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma, kidogo tu ili bolti zipate nafasi. Za chini zilikuwa zimekamatwa na kutu; nilizipaka mafuta ya kulegeza jioni, asubuhi zikatoka kwa spana yenye bomba refu la kuongezea nguvu.

Mambo mawili hapa mafundi wengi wenye haraka huyaruka. La kwanza, shokapu mpya isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, uikandamize na kuivuta mara kadhaa hadi hewa iliyoingia ilipokuwa imelazwa dukani iishe. Utahisi mkono unaanza kupata ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho. La pili, bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze mwisho gari likiwa juu. Zishike tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote gari linapotembea, na utachanika mapema. Kwa jambo hili peke yake naridhika kwamba nyuma nilifunga kwa mkono wangu.

Mbele sikugusa, na sitagusa. Pale springi imebanwa juu ya shokapu yenyewe, na nati ya katikati ndiyo inayoizuia isifyatuke. Ukiilegeza kabla springi haijabanwa na kifaa chake, chuma kile kinaweza kukuvunja taya au kukuua. Nimeona gereji zinafunga springi kwa waya, na kijana ameinamisha uso juu yake. Tafadhali, gari lako lisiwe sababu ya mtoto wa mtu kuumia. Mimi nilitafuta fundi mwenye mashine ya kubana springi, nikaomba kuiona kabla ya kukubaliana bei. Spea nilinunua mwenyewe, shokapu mbili na maunti mbili, maana hizi hubadilishwa kwa jozi; ukiweka mpya upande mmoja, gari linatua tofauti kushoto na kulia.

Kazi yake ilinifurahisha. Wakati wa kukaza nati ya juu hakuubana mti wa shokapu, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye bomba, kwa praizi, aliushika kwa ufunguo kwenye ncha yake. Mti ule ni laini na unang'aa, ukikwaruzwa unakata sili, na shokapu mpya itavuja muda si mrefu. Bolti mbili zinazoifunga shokapu na habu, pale tairi linaposhikiliwa, zina nafasi kidogo, hivyo zikishafunguliwa tairi linaweza kuinama ndani au nje. Nilitoka pale moja kwa moja kwenda kupiga alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa tairi, na hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo shokapu mpya zitakulia tairi.

Sasa gari likiingia shimoni linapanda mara moja na kutulia, mlio wa kushoto haupo, na usukani hauvuti. Kilichobaki ni bushi za springi za nyuma, ambazo nazo zimeanza kuchoka. Hizo zimeshindiliwa kwenye macho ya springi, yale matundu ya kwenye ncha zake, na kuzitoa vizuri kunataka presi, mashine ya kusukuma kwa nguvu, kwa hiyo zitaenda kwa fundi yule yule.